Jan van Riebeeck na bei ya chupa ya divai

Wakati wa ndoa ukifika hapa Majengo, famili nyingi zinarudia swali moja: siku ya dote tutaweka nini mbele ya wazee? Bia ni lazima, sukre ya watoto ni lazima, na kasiksi wamama wanajua kuitengeneza. Lakini kwenye faktire, wazee wa upande wa binti wameandika pia chupa za divai. Kijana ni kreseri, yuko shimoni kule Rubaya, na pesa aliyotuma ni kidogo. Basi mama yake anaingia butiki, anaangalia zile chupa zimesimama kwa mistari, Ufaransa, Hispania, Chile, Afrika ya Kusini, na anauliza ile ya bei ndogo yenye haitamupatisha haya. Mara nyingi muuzaji anashusha chupa ya Afrika ya Kusini.

Hatuseme muuzaji anamudanganya. Kwa pesa kidogo, ile nchi inatoa divai nzuri kupita nchi mingi. Lakini sisi wa sendika tuko na tabia moja yenye watu wanaichoka: tukiona kitu cha bei ndogo, tunauliza ni nani alilipa ile sehemu yenye mununuzi hakulipa. Juu ya divai ya Afrika ya Kusini, jibu linaanza na mutu mumoja, Jan van Riebeeck, aliyekufa miaka karibu 350 iliyopita.

Alizaliwa mwaka 1619 katika muji mudogo wa Culemborg, Uholanzi. Baba yake alikuwa daktari wa kupasua, na yeye pia alijifunza ile kazi. Mwaka 1639, akiwa na miaka 20, aliingia kazi katika Kompani ya Uhindi wa Mashariki, ile yenye Waholanzi waliita VOC. Ndugu wasomaji, musifikiri ilikuwa kompani ya kuuza na kununua tu. Ilikuwa na meli za vita, waaskari, mahakama, na ruhusa ya kupigana vita na kuandika mikataba na wafalme. Sisi Wakongo aina ile ya kompani hatuhitaji kufasiriwa sana.

Walimutuma Batavia, muji wenye leo unaitwa Jakarta. Akafika Japani, akafanya kazi kule Tonkin, upande wa Vietnam ya leo. Akaacha udaktari, akawa mutu wa biashara, na alijua kazi yake. Kosa lake lilikuwa kujifanyia biashara pembeni. Kompani ilikataza watumishi wake kufanya hivyo, hata kama wakubwa wengi walikuwa wanafanya kwa siri. Yeye alishikwa, na mwaka 1648 akarudishwa kwao. Mwaka uliofuata alioa Maria de la Quellerie, binti wa famili ya Waprotestanti wenye asili ya Kifaransa. Alikuwa na miaka 30, bibi mupya, na jina lenye limechafuka kazini.

Lakini ile safari ya kurudi ilimupa bahati. Meli zao zilisimama kwenye Rasi ya Tumaini Jema, mwisho kabisa wa Afrika upande wa kusini, kuchukua mabaharia wa meli Haarlem iliyokuwa imevunjika pale mwaka 1647. Wale mabaharia walikuwa wamekaa karibu mwaka muzima, wakapanda mboga, wakapata nyama kwa wenyeji, na waliporudi Uholanzi wakubwa wao waliandikia Kompani kwamba pale panafaa. Kompani ilipotafuta mutu wa kuongoza kituo, Van Riebeeck aliomba ile kazi. Alitaka kusafisha jina lake, kisha arudishwe Asia, kule pesa ilikuwa. Hakuwa na shauri la kubaki Afrika.

Aliondoka Uholanzi tarehe 24 mwezi wa 12, 1651, na akafika tarehe 6 mwezi wa 4, 1652, na meli tatu: Drommedaris, Reijger na Goede Hoop. Kazi aliyopewa ilikuwa ndogo kwa kuisoma: kujenga ngome, kulima bustani, kutafuta maji safi na nyama, ili meli za kwenda Uhindi zipate chakula katikati ya njia. Kwenye bahari mabaharia walikuwa wanakufa kwa ugonjwa wa kiseyeye. Fizi zinatoka damu, meno yanalegea, vidonda vya zamani vinafunguka tena. Leo tunajua ni kukosa vitamini C, yenye iko ndani ya matunda na mboga mbichi. Wakati ule hawakujua. Waliamini divai inasaidia, na walijua kitu kingine cha kweli: maji ya pipa yanaoza kwa safari ya miezi mingi, divai inakawia kuharibika.

Tunaomba musomaji ashike hapa. Mizabibu ya Afrika ya Kusini haikupandwa juu ya meza ya tajiri. Ilipandwa juu ya posho ya baharia, mutu wa mushahara mudogo, anayepewa kipimo chake kila siku ili aendelee kuvuta kamba. Tangu siku ya kwanza ilikuwa divai ya kila siku, na mwenye kuiagiza alitaka iwe rahisi.

Van Riebeeck alikuwa muganga na mufanyabiashara, hakujua kulima mizabibu. Aliomba miche kutoka Ulaya, na mwaka 1655 miche ikapandwa katika bustani ya Kompani. Upepo wa pale ni mukali, unavunja kila kitu. Mwaka 1658 alipanda shamba lake kubwa zaidi pahali palipojikinga na upepo, aliposema Bosheuvel, upande wa Wynberg. Hilo jina Wynberg maana yake ni mulima wa divai, na mutaa uko mupaka leo ndani ya muji wa Cape Town. Tarehe 2 mwezi wa 2, 1659, walikamua zabibu za kwanza. Zilitoa litra kama 15, hazijai bido moja ya njano ya litra 20 yenye watoto wetu wanabebea maji. Aliandika ile siku katika kitabu chake cha kila siku na kumushukuru Mungu.

Na jembe, nani alilishika? Mwanzoni ni waaskari na mabaharia wa Kompani, wenye walilalamika na kutoroka. Mwaka 1657 aliwaachilia tisa kati yao wawe walimaji huru, lakini mavuno yao walilazimika kuyauzia Kompani kwa bei yenye Kompani yenyewe iliweka. Wachimbaji wenye kuuzia negosian mumoja tu wataelewa haraka. Kisha, mwaka 1658, ikafika meli Amersfoort. Ilikuwa imekamata baharini meli ya Wareno iliyobeba watumwa kutoka Angola, ikaleta Rasini watu zaidi ya 170 wenye walibaki wazima, na wengi wao walikuwa watoto. Meli ya pili, Hasselt, ilileta wengine kutoka pwani ya Guinea. Angola ni jirani yetu. Bandari ya Luanda ilikuwa inavuta watu kutoka mbali sana ndani ya inchi, na mutu hawezi kusema kwa hakika kwamba hapakuwa damu yetu ndani ya ile meli.

Kwa wale watoto na wakubwa, Van Riebeeck alifungua masomo mwezi wa 4 wa mwaka ule ule, wajifunze Kiholanzi na sala. Ili waje bila kuvutwa, aliamuru kila mumoja, masomo yakiisha, apewe kiglasi kidogo cha brandi na tumbaku ya urefu wa inchi mbili. Ile amri iko katika kitabu chake mwenyewe, hakuna adui aliyemusingizia. Hatufikiri alikuwa anapanga uovu. Aliona njia rahisi, yenye haigharimu sana, ya kumufanya mutu akubali kitu chenye hakuchagua. Njia ile ilimupita, ikaendelea miaka zaidi ya 300.

Tumalize kwanza maisha yake. Wenyeji, Wakhoikhoi, walikuwa wafugaji, na mashamba ya wazungu yalifunga njia za ng'ombe zao. Mwaka 1659, miezi michache tu kisha ile divai ya kwanza, vita ilianza. Kiongozi wao, Doman, alikuwa amewahi kupelekwa Batavia, na kule aliangalia vizuri bunduki za Waholanzi. Alijua haziwake siku ya mvua, basi walishambulia wakati wa mvua. Mwaka 1660 walipokaa kusema amani, wenyeji waliuliza juu ya nini wakatazwe udongo wa baba zao. Van Riebeeck akajibu kwamba udongo umepotea kwa vita na hautarudishwa. Akapanda ugo wa miti ya lozi ya pori, iwe mupaka kati ya mashamba na wenyeji. Kipande cha ule ugo kingali kinaonekana katika bustani ya Kirstenbosch.

Katika nyumba yake alilelewa binti mumoja Mukhoikhoi, Krotoa, wazungu wakamuita Eva. Alijifunza Kiholanzi akiwa mutoto, akawa mukalimani kati ya pande mbili, na hakuna pande moja iliyomwamini mupaka mwisho. Alibatizwa 1662, akaolewa na muganga wa Kompani 1664. Bwana yake alipokufa, pombe ilimushika, wakamunyang'anya watoto, wakamufunga kwenye kisiwa cha Robben, kile kisiwa chenye baadaye kilimufunga Mandela. Alikufa 1674. Watu wanaoandika maisha ya Van Riebeeck wanamuwekea mistari miwili. Sisi tunafikiri angestahili habari yake mwenyewe siku ingine.

Van Riebeeck aliondoka Rasini mwaka 1662. Alipata alichotaka, kurudi Asia, lakini si kwa cheo alichokiota. Walimupa kuongoza Malaka, na bibi yake Maria akafia kule 1664. Kisha akawa sekretere wa baraza la wakubwa kule Batavia, na pale alikufa tarehe 18 mwezi wa 1, 1677. Mutoto wake Abraham, aliyezaliwa Rasini, ndiye aliyefika juu kabisa, akawa gavana mukuu wa Kompani kule Asia. Baba hakurudi kuonja divai ya shamba lake ilivyokuwa.

Wenye walimufuata waliiboresha. Gavana Simon van der Stel alianzisha shamba la Constantia mwaka 1685. Mwaka 1688 walifika Waprotestanti wa Ufaransa waliokimbia mateso ya dini, na kati yao walikuwa wenye kujua mizabibu. Divai tamu ya Constantia ilisifiwa na wafalme, na Napoleon alikunywa hiyo alipokuwa mufungwa kule Saint Helena. Lakini pembeni ya ile chupa ya wafalme ilibaki divai ya bei ndogo, na wenye mashamba wakaona wanaweza kuitumia kama mushahara. Mufanyakazi alipewa kikombe asubuhi, kingine katikati ya mchana, kingine jioni, na pesa yake ikapunguzwa. Waliita mutindo ule dop. Utumwa ulikatazwa mwaka 1834, dop ikabaki. Sheria iliikataza katika karne ya 20, lakini katika mashamba fulani iliendelea mupaka miaka ya 1990. Matunda yake hayajaisha: katika ile mikoa ya divai, hesabu ya watoto wanaozaliwa na ulemavu wa akili na mwili juu ya pombe aliyokunywa mama akiwa na mimba iko kati ya zile za juu kabisa duniani. Hapa tunasimama kidogo tuambie wadada zetu: mwenye mimba asionje hata ile ya dote, wazee watasamehe.

Hata kwenye migodi ya dhahabu ya Johannesburg mambo yalikuwa karibu sawa. Mwanzoni wakubwa wa migodi walifurahia pombe, sababu mufanyakazi mwenye kumaliza pesa kwa pombe hakuweza kurudi kwao haraka. Baadaye watu wengi walishindwa kuamka kwenda shimoni, ndipo wakubwa wale wale wakalilia sheria, na kuanzia 1897 ikakatazwa kuuzia mufanyakazi mweusi pombe. Afya yake haikuwa shida yao wakati wa kwanza wala wakati wa pili.

Kwetu hakuna mutu wa kusema ni mambo ya Waholanzi. Tuliwahi kufika kariyeri moja, hatutaitaja, yenye mukubwa wa shimo alikuwa anafungulia vijana kanyanga kwa deni tangu Jumatatu. Jumamosi, wakati wa kugawa, kitabu kilifunguliwa, na kuko kijana alirudi na deni kuliko alivyokuja, kisha kuchimba siku sita. Hakuna aliyemulazimisha kukunywa. Hata wale watoto wa Angola hakuna aliyewamwangia brandi mudomoni.

Mwaka 1952, serikali ya ubaguzi ilifanya sherehe kubwa ya miaka 300 tangu Van Riebeeck afike. ANC iliita watu kwenye mikutano ya kupinga siku ile ile ya tarehe 6 mwezi wa 4, na mwezi wa 6 kampeni ya kuvunja sheria za ubaguzi ikaanza. Sura yake iliwekwa kwenye pesa kwa miaka mingi. Wajuzi wanasema hata ile sura si yake, ni ya Muholanzi mwingine kabisa. Sisi tulicheka tulipojifunza hilo.

Na wafanyakazi wa zabibu? Mwezi wa 11 mwaka 2012, kule De Doorns, waliacha kazi. Mushahara wa chini ulikuwa randi 69 kwa siku, waliomba 150. Mugomo ulienea muji kwa muji, kulikuwa na waliokufa, na mwaka 2013 serikali ikapandisha kufika randi 105. Zabibu za De Doorns ni za kula zaidi kuliko za divai, lakini wenye jembe ni watu wa namna moja.

Sasa tumurudilie yule mama wa Majengo, sababu hatukuandika haya ili asinunue. Mufanyakazi wa shamba hatasaidiwa na chupa kubaki butiki. Divai nyeupe ya Afrika ya Kusini yenye imeandikwa Chenin Blanc, wengine kule wanaiita Steen, mara nyingi ndiyo inampa mutu mengi kwa pesa kidogo. Nyekundu yao wenyewe ni Pinotage, iliyozaliwa kule 1925 kwa kuunganisha aina mbili za zabibu. Atafute kwenye shingo ya chupa alama ndogo ya cheti ya nchi yao. Na kuko alama ya WIETA, yenye inaonyesha kwamba shamba limekaguliwa juu ya haki za wafanyakazi, au Fairtrade. Wachimbaji wanajua etiketi ya plastiki kwenye mufuko wa koltani, wanajua pia kwamba etiketi inaweza kusafiri bila ukweli. Hata hivyo, kati ya chupa mbili za bei moja, sisi tunachukua ile yenye alama, juu ya kuko angalau mutu wa kuulizwa.

Hispania iko na mashamba makubwa ya mizabibu kupita nchi zote, ndiyo sababu divai yake inakuja mingi, hata ndani ya karto. Karto si haya kama watu ni wengi. Chile inatoa Cabernet nzuri kwa pesa ya kawaida. Ufaransa ya bei ndogo sana, tunasema wazi, mara nyingi munalipa jina. Na musisahau Dodoma, Tanzania, kule wamisionari katoliki walipanda mizabibu, na leo walimaji wadogo wanavuna mara mbili kwa mwaka, sababu hakuna baridi ya kuulaza muti. Wako na Chenin pia, ile ile ya Rasini.

Mama asome etiketi. Kama imeandikwa kinywaji chenye ladha ya divai, hiyo si divai, ni sukari, rangi na alkoli. Divai ya bei ndogo haizeeki vizuri, achague mwaka wa karibu. Asichukue ile yenye imesimama kwenye dirisha la butiki ikipigwa jua tangu Noeli, hata kama muuzaji anaapa. Kizibo cha kuzungusha ni kizuri sawa na kile cha kuvuta. Na nyeupe aiweke ndani ya beseni ya maji baridi saa moja mbele ya wazee kufika, kama umeme umekatika.